Marekani Niliyoijua Morogoro

Mjomba wangu alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye reli ya kati, na kila aliporudi Morogoro kutoka safari ya Kigoma tulimpokea begi kwanza, shikamoo ikafuata baadaye. Tulijua mna nini. Juu dagaa, katikati dumu la mawese lililofungwa kwa nailoni lisivuje, na chini kabisa, ndani ya taulo, vitabu viwili vitatu ambavyo abiria wa daraja la kwanza walivisahau vyumbani mwao. Hakuvichukua hivihivi. Alikuwa na utaratibu wake: kitabu kilikaa mwezi mzima kwenye kabati la vitu vilivyookotwa, pale stesheni, kikisubiri mwenyewe. Miavuli ilifuatwa. Viatu vilifuatwa, hata kimoja kimoja. Kitabu, katika miaka yote aliyofanya kazi, hakikufuatwa hata mara moja.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya kibali, na duka la vitabu pale mjini lilijaa vitabu vya kiada, hotuba na vumbi. Kwa hiyo maktaba yangu ya kwanza nilichaguliwa na watu wasiojuana, waliopitiwa na usingizi mahali fulani kati ya Tabora na Kilosa. Nusu yake ilikuwa James Hadley Chase, riwaya za majambazi na wapelelezi. Robo ilikuwa vitabu vya kutisha vya Kiingereza, vyenye fuvu au macho mekundu juu ya jalada jeusi. Iliyobaki ilikuwa mchanganyiko: Biblia ya Kiswidi, kitabu cha ufugaji wa nyuki na, ikitokea bahati ya mtende, riwaya ya Kiswahili, ya Elvis Musiba au Ben Mtobwa au Hammie Rajab. Hiyo tulisubiri sana, kwa sababu mjomba aliisoma yeye kwanza, na aliisoma polepole, penseli sikioni na saa mezani. Nitarudi kwenye hiyo saa.

Mwezi uliopita nilikuwa Posta, Dar es Salaam, nikapita kwa kijana mmoja anayetandaza vitabu vya mitumba juu ya turubai. Alikuwa na vya ujasiriamali, vya maombi, vya kupunguza uzito, na kwenye kona, vimerundikwa kama maembe yaliyopondeka, vitabu vidogo vya karatasi laini. “Hivyo elfu mbili mbili, mama. Vya wazee hivyo.” Nikainama. Jalada la kwanza lilikuwa na mwanamke mwenye bastola na nguo chache, nami nikamtambua kabla ya kusoma jina, kama unavyomtambua mtu mliyesoma naye hata akinenepa. Nikanunua vinne. Nikapanda treni ya umeme kwenda kumwona mjomba.

Zamani Chase mmoja alikuwa na urefu wa safari ya Dar mpaka Morogoro, kituo kwa kituo. Ukianza kusoma Pugu, maiti ya kwanza unaikuta Ruvu, na treni ikianza kupunguza mwendo kuingia Morogoro, muuaji anakamatwa. Siku hizi safari haifiki saa mbili. Nilishuka nikiwa kati ya kitabu, kidole kwenye ukurasa, nikasukumwa na watu wenye masanduku ya magurudumu.

Vitabu hivi vina ugonjwa wake, na kwa kuwa mama yangu alikuwa muuguzi nimezoea kueleza ugonjwa kwa mpangilio. Karatasi yake ni ya mbao iliyosagwa bila kusafishwa sana, kwa hiyo inageuka rangi ya chai ya maziwa, halafu chai ya rangi, halafu inaanza kumeguka pembeni kama chapati ya juzi. Kurasa hazikushonwa. Zimekatwa na kugandishwa mgongoni kwa gundi, na gundi ikikauka, kitabu kinapasuka palepale msomaji aliyetangulia alipokilaza kifudifudi. Ukitaka kujua mwenye kitabu cha kwanza alikuwa anaishia wapi usingizi ukimzidi, tazama ufa. Nilipokuwa kidato cha pili nilijaribu kumtibu Chase mmoja kwa gundi ya unga wa ngano, ileile tuliyobandikia mapambo ya Krismasi. Nikapaka, nikaweka jiwe juu, nikalala kama fundi aliyelipwa. Baada ya wiki mende walikuwa wamekula mgongo mzima, wakamalizia na ukurasa wa mwisho. Sikumjua muuaji. Kwa miaka mingi nikimwona mende usiku nilimtazama kama shahidi anayeficha jambo.

Havikutengenezwa vidumu. Wanasimulia kwamba mchapishaji mmoja Mwingereza, Allen Lane, alipata wazo la vitabu vya Penguin akiwa stesheni ya Exeter, anasubiri treni ya London na hana cha kusoma. Mwaka 1935 akavitoa, kila kimoja peni sita za Kiingereza, bei ya paketi ya sigara kumi. Wamarekani wakafuata 1939 na vya kwao vya senti 25, vya ukubwa wa mfuko wa koti, vikauzwa vibandani pamoja na magazeti. Na kama magazeti, visipouzwa havikurudishwa vizima: mwenye duka alichana jalada, akalirudisha peke yake kwa mchapishaji ili asilipishwe, mwili wa kitabu ukatupwa. Niliposoma habari hiyo nikiwa mtu mzima nilijisikia kama niliyegundua siri ya ukoo. Sisi majalada tuliyachana wenyewe, kwa aibu. Mama aliyafunika kwa karatasi ya kalenda, yasipofunikika akayang’oa. Nilifika kidato cha nne sijui kwamba vitabu vyangu viwili nilivyovipenda kupita vyote vilikuwa na wanawake uchi mbele.

Chase mwenyewe, basi. Tulimsoma tukijua ni Mmarekani, na si Mmarekani wa kawaida, ni mtu aliyepigwa risasi mara mbili tatu Chicago. Ukweli ni kwamba alizaliwa London mkesha wa Krismasi wa 1906, jina lake René Raymond, na kazi iliyomlisha ilikuwa kuuza vitabu: kwanza ensaiklopidia za watoto nyumba kwa nyumba, baadaye kwenye kampuni ya kusambaza vitabu. Akiwa kazini akaona wateja wanagombea nini. Wanagombea majambazi wa Marekani. Akaketi na ramani na kamusi ya lugha ya mitaani ya Wamarekani, akaandika No Orchids for Miss Blandish, kikatoka 1939 na kuuzwa kama karanga za stendi. Marekani kwenyewe alipita tu, Florida na New Orleans. Aliandika vitabu karibu tisini na akafia Uswisi mwaka 1985, mwaka ambao mimi, kwenye kitanda cha juu cha bweni, nilikuwa nasoma kitabu chake kwa tochi.

Nilisoma na kamusi ya shule, ambayo nusu ya maneno yake ya kihuni haikuyajua. Fikiria huo msafara. Mtu yuko London anayachukua maneno kwenye kamusi na kuyatia kitabuni. Binti yuko Morogoro anayatoa kitabuni na kuyarudisha kwenye kamusi. Katikati hapo hakuna Mmarekani hata mmoja.

Nilijuaje? Sikuambiwa na mwalimu wala gazeti. Niliambiwa na Chase mwenyewe, siku aliyotuletea Afrika.

Kitabu kinaitwa The Vulture Is a Patient Bird, cha 1969. Wezi wanakodishwa kwenda Natal, Afrika Kusini, kuiba pete ya Borgia kwa tajiri mmoja aliyejificha milimani na hazina yake, akilindwa na Wazulu. Ni Chase aliyekamilika: mwanamke mrembo, fundi wa makasha, kisasi, na msako mrefu porini. Nilikisoma nikiwa na miaka kumi na tano, na kwa mara ya kwanza nikiwa naye nilisimama njiani. Kitu kilinikera na sikujua ni nini. Wazulu walikuwa pale, mikuki ilikuwa pale, mvua na matope vilikuwepo. Lakini ilikuwa Afrika iliyotazamwa kwa darubini kutoka hotelini. Ubaguzi wa rangi, ambao sisi shuleni tuliulaani kwa nyimbo karibu kila gwaride, haumshughulishi mtu. Porini kunakimbizana tu.

Na mimi Waafrika Kusini niliwajua. Hilo ndilo lililonisimamisha. Nje kidogo ya mji wetu, Mazimbu, chama cha ANC kilikuwa na shule yake, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Walikuja sokoni Jumamosi. Walibishana bei ya nyanya kwa Kiswahili kilichopinda, wakacheka wenyewe, wakakopa, wakarudisha. Mwaka uleule wa 1969, wakati Chase anawatuma wezi wake Natal kwenye karatasi, chama hicho kilikuwa kimeketi Morogoro kwenye mkutano wake mkubwa, kinapanga namna ya kuirudia Natal halisi. Sikuyajua yote hayo nikiwa na miaka kumi na tano. Nilijua tu kwamba huyu mzee wa nyanya, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, haingii kwenye kile kitabu hata ungemkunja.

Nikakilaza kitabu kifudifudi (ufa mwingine huo) nikafikiri: kama Natal yake iko hivi, Miami yake je?

Ajabu ni kwamba sikuacha kumsoma. Nikaendelea, ila kama mtu anayekula mandazi ya mpishi aliyemwona jikoni. Na nikisoma leo naona sikukosea kuendelea. Mtu huyu alijua kukimbiza sentensi. Hana mlima wa maelezo. Mlango unafunguliwa, mtu anaingia, tayari ana shida. Kila sura inaisha kwa kukuvuta shati. Waandishi wengi ninaowasifu leo mbele za watu hawajui hata robo ya ufundi huo, na nikiwa na homa siwasomi wao.

Kilichochacha ni kingine. Wanawake wake wana kazi mbili, kuwa chambo au kuwa maiti, na wengi wanazifanya zote mbili kabla kitabu hakijafika katikati. Si leo tu watu wameliona hilo. Mwaka 1942 mahakama ya Uingereza ilimtoza faini kwa kitabu chake kimoja kilichohesabiwa kuwa cha aibu, na mwaka 1944 George Orwell aliandika makala ndefu kulalamikia ukatili wa kile cha Miss Blandish. Lakini uchambuzi ninaouheshimu zaidi ni wa mama. Alichukua Chase mmoja kwenda naye zamu ya usiku, wodi ya majeruhi, akakirudisha asubuhi na kukiweka mezani kama bakuli lisilooshwa.

“Huyu bwana,” akasema, “hajawahi kumwona mtu aliyepigwa kichwani.”

Akanieleza. Mtu anapigwa kisogoni kwa kitako cha bastola, anazimia, anazinduka baada ya dakika kumi, anajipangusa, anaendesha gari. Mama akasema aliyezimia hivyo anazinduka anatapika, hajui siku, anamwita muuguzi kwa jina la dada yake, na wengine wanazinduka vizuri kabisa, wanaomba chai, wanakufa usiku. Nikiwasoma wapelelezi leo, wawe wa Chase au wa Dar, nahesabu vichwa. Hakuna hata mmoja ambaye mama angemruhusu kutoka wodini.

Vitabu vya kutisha vilikuwa na shida yao tofauti. Vingi havikututisha. Jumba la kale lenye mlango unaolia, mvua, bibi wa Kiingereza aliyekufa zamani anayetembea na mshumaa: tulisoma kwa heshima, kama unavyohudhuria msiba wa watu usiowajua. Huyo bibi anataka nini? Amekosa nini kwa ndugu zake? Mbona hakuna hata mmoja anayemchinjia kuku, au kumsomea, au walau kumuuliza?

Kulikuwa na riwaya ya William Peter Blatty ya 1971, The Exorcist, ile ya binti wa Georgetown, Washington, aliyeingiwa na shetani. Hiyo niliipeleka shuleni, nayo ilileta balaa. Shule za wasichana wa bweni mnazijua. Wasichana huanguka mapepo. Anaanza mmoja bwenini wakati wa mitihani, anapiga kelele, kabla ya jioni wameanguka kumi, na mwalimu wa zamu hajui aanze na nani. Si jambo la juzi: Kashasha, upande wa Bukoba, mwaka 1962 wasichana walishikwa na kicheko kisichokoma hadi shule ikafungwa. Basi kitabu changu kilizunguka bweni zima kwa wiki mbili, na wiki ya tatu watu wakaanza kuanguka. Matroni akakichukua, akakifunga kwenye mfuko wa nailoni, sikukiona tena. Mpaka leo kuna watu tuliosoma nao wananiamkia kwa tahadhari.

Lakini tulichokuwa tukizungumza usiku kuhusu kile kitabu hakikuwa shetani. Kilikuwa ni mpangilio. Mama wa yule binti anampeleka mtoto kwa daktari huyu, kwa daktari yule, vipimo, sindano, picha za ubongo, kurasa kwa kurasa, na padri anakuja mwishoni kabisa, dunia ikiwa imemwishia. Bwenini kwetu watu walishangaa. “Miezi yote hiyo ndiyo anakumbuka kuna padri?” Kwetu ni kinyume. Kwetu mgonjwa anaanza kwa padri au kwa shehe au kwa mganga, na hospitali ndiyo mlango wa mwisho, unaobishwa usiku wa manane mgonjwa akiwa hasemi. Huo ndio utisho wetu, na mama yangu aliukuta wodini kila wiki. Kitabu kilitutisha kwa upande ambao mwandishi hakuukusudia.

Kuna kimoja kilichotutisha sawasawa na kilivyokusudiwa: The Rats cha James Herbert, cha 1974. Herbert alikuwa mtoto wa mashariki ya London, familia ya wauza sokoni, mitaa iliyokuwa na panya kweli, na hilo linasikika. Hakuna jumba wala mshumaa. Kuna takataka, mabomba, nyumba zilizobomolewa, na panya wakubwa kama mbwa wanaokuja wengi kwa pamoja. Sisi panya tulimjua. Tulijua anauma na kupuliza, kwamba unaweza kulala ukaamka kisigino kimeliwa na hukusikia kitu, kwa sababu alikupoza kwa pumzi kila alipong’ata. Msomaji mwenye lugha yenye msemo huo hahitaji panya wa ukubwa wa mbwa. Nililala na soksi muhula mzima, Morogoro, mwezi wa kumi na mbili, kwenye joto lile.

Hiki ndicho kimojawapo cha vile vinne nilivyonunua Posta, na sasa nakisoma huku nacheka, si kwa kosa la Herbert. Morogoro imegeuka mji wa panya wa sifa njema. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Kamboja. Kwa hiyo nasoma panya wa London wanamtafuna kitoto kichanga, nainua macho, na mtaa wa pili kuna panya ana mkataba wa kazi na muda wa kustaafu.

Mwandishi wetu aliyeelewa mapema kuliko wote kwamba hofu ina anwani ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Aliwahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri, na naamini, ingawa siwezi kuthibitisha mbele ya jopo, kwamba kukagua vyoo na visima vya watu kunamfundisha mtu kutazama mahali. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958, kikachapwa 1960. Tajiri anakutwa maiti mahali pa mizimu, na mji mzima unajua nani kaua: mzimu. Anakuja Bwana Msa na kiko chake. Watu husema kiko kile ni cha Sherlock Holmes, na ni kweli, lakini swali analoliuliza si la London. Anauliza nani anafaidika tukiogopa mzimu. Nimekisoma tena mwaka huu. Lugha yake ni ya mtu aliyeketi barazani, hana haraka, anakutania kidogo, anakuacha unywe kahawa. Nilitazamia kukiona cha kizamani, na ndicho pekee kati ya nilivyorudia ambacho sikuhitaji kukisamehe kitu.

Sasa ile saa.

Mjomba alifundishwa kazi Nairobi, enzi reli ikiwa moja, kabla Jumuiya ya kwanza haijavunjika 1977. Kwa hiyo alipopata Kufa na Kupona cha Musiba, cha 1974, ambamo Willy Gamba anatumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa, aliketi kukisoma kama anayepokea zamu. Willy Gamba ni mpelelezi wetu. Ana suti, ana bastola, anapendwa na wanawake kupita kiasi cha afya, na maadui zake ni makaburu na vibaraka wao. Na hili halikuwa pambo: Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa Dar kweli tangu 1963, wapigania uhuru walikuwa mitaani kweli, mabomu yaliyofungwa kama barua yalifika kweli. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa na bomu la ndani ya kitabu, Dar es Salaam, Februari 1969. Ndani ya kitabu. Nikiwaza hadithi za kutisha zilizotungwa mwaka ule, hakuna iliyofikia hiyo.

Mjomba hakubishana na siasa ya Willy Gamba, wala na wanawake wake. Alibishana na dakika zake. Mtu akitoka uwanja wa ndege kwenda mjini, mjomba aliangalia saa, akakumbuka barabara, mataa, mzunguko, msongamano wa jioni, akaandika pembeni kwa penseli. Ninavyo vitabu vyake viwili. “Dk 40, si 15.” “Hapa hapapitiki, kuna reli.” “Sawa.” “Sawa.” “Labda usiku.” Kwenye ukurasa mmoja wa Mtobwa, mpelelezi wake Joram Kiango akiwa Dar, penseli imeandika “KWELI” kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari mara mbili, na sielewi mpaka leo kitu gani hapo kilimfurahisha hivyo, ni mtu tu anavuka barabara.

Vitabu vyake vya Chase havina alama hata moja. Nimevipekua vyote. Watu wanakimbia kutoka pwani hadi hotelini, kutoka hotelini hadi kasino, kwa kasi ambayo hata ndege haina, na pembeni peupe. Kule hakuwa na cha kupimia. Aliamini.

Sasa macho yake yana mtoto wa jicho, la kushoto limeshafanyiwa upasuaji, la kulia linasubiri. Nilipofika na mfuko wangu wa Posta alivishika kimoja kimoja, akavinusa, akaviweka magotini. “Huyu ni Chase,” akasema, bila kuona jalada. Nikamwuliza amejuaje. “Mwembamba, halafu kapasuka katikati.”

Tukaketi barazani. Namsomea kwa Kiingereza kisha nageuza Kiswahili, au naruka Kiingereza moja kwa moja panapokuwa na wanawake, maana ni mjomba wangu. Kitabu tulichoshika ni kimoja cha vile vya Paradise City, mji wa matajiri ulio pwani ya Florida, wenye polisi wake wavivu, yacht zake na wezi wake wa vito. Tulikuwa kwenye sura ya nne simu ikaita. Ni binamu yangu, mwanawe wa pili, anaishi Tampa na anaendesha lori la mizigo. Mjomba akaipokea, akaishika mbali na uso kama wanavyofanya wazee, paji la uso tu linaonekana.

Salamu zilikwenda ndefu. Afya, mvua, shule za wajukuu. Kisha mjomba akasema:

“Hebu niambie. Kutoka hapo ulipo mpaka Paradise City ni saa ngapi kwa gari?”

“Wapi, baba?”

“Paradise City. Florida hiyohiyo. Pwani.”

Binamu akakaa kimya kidogo. Nilimwona anagusagusa simu nyingine, anatafuta. “Baba, hakuna mji unaoitwa hivyo.”

“Umekaa huko miaka mingapi?”

“Kumi na moja, baba.”

“Na kazi yako ni barabara.”

“Ndiyo, baba.”

Mjomba akanigeukia kwa lile jicho lililopona, lenye masikitiko ya mkaguzi aliyemkuta mfanyakazi hazijui stesheni zake. Mimi niliinamia kitabu. Nilikuwa najua tangu nina miaka kumi na tano, na sikutia neno.

“Muulize mtu mkubwa,” akamwambia mwanawe, kwa upole. Akakata simu, akaiweka mfukoni, akanyoosha miguu.

“Haya. Walikuwa wamefika wapi?”

Nikatafuta ule ufa, nikaendelea.